Barua ya wazi kuhusu unga wa Lubumbashi: namba zitolewe, hesabu ifanywe mbele ya watu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa jimbo la Haut-Katanga, Waheshimiwa Mawaziri wa jimbo mnaoshughulikia uchumi, kilimo na uchukuzi, Mkurugenzi wa forodha wa DGDA, Meya wa mji wa Lubumbashi, na Rekta wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU).

Waheshimiwa,

Salamu za heshima. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari ya komini ya Katuba. Ninawaandikia kuhusu unga wa mahindi, na ombi langu ni moja: namba za unga ambazo serikali inazo tayari zitolewe hadharani kila wiki, na vijana wetu wa UNILU wapewe kazi ya kuzipigia hesabu, mbele ya macho ya watu wote.

Katika mji huu mtu anaweza kukaa mwezi mzima bila nyama asilalamike. Bukari, ugali wetu wa mahindi, ikikosekana siku mbili, nyumba inatikisika, na nyumba zikitikisika nyingi kwa pamoja mji mzima unatikisika. Nyinyi mnalijua hilo kuliko mimi. Kila mara Zambia inapofunga milango ya mahindi yake, mfuko wa kilo 25 unapanda bei ndani ya siku chache, na kila mara wakubwa wanashtuka. Kinaitishwa kikao cha dharura. Kiongozi anapigwa picha mbele ya malori. Treni ya mahindi kutoka mashamba ya serikali ya Kaniama-Kasese inapokelewa stesheni kwa nyimbo. Bei inashuka kidogo, kisha tunasahau mpaka msimu mwingine. Hapo ndipo ninapoumia kama mwalimu wa hesabu, kwa sababu jambo linalorudi rudi kwa mpangilio ni jambo linalohesabika.

Chukueni mwaka 2024. Katika ukanda wetu mahindi hupandwa mvua zinapokolea, Novemba na Desemba, na kuvunwa Aprili na Mei. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza kwamba ukame umekuwa janga la taifa: kati ya hekta milioni 2.2 za mahindi zilizopandwa, hekta kama milioni moja zilikuwa zimeharibika. Alilisema hadharani, wiki nyingi kabla ya mavuno. Na hata kabla hajafungua kinywa, satelaiti zilikuwa zimekwisha kuona. Kuna takwimu za mvua ziitwazo CHIRPS, zinazotayarishwa katika Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, zinazoonyesha mvua iliyonyesha katika kila kipande cha ardhi cha kilomita kama 5 kwa 5, kuanzia mwaka 1981 hadi leo. Ni za bure. Kijana wa Kampemba mwenye kompyuta na bando la intaneti angeweza kuzipakua na kuona mashamba ya kusini mwa Zambia yakikauka.

Tulikuwa basi na miezi. Miezi ya kutafuta mahindi Tanzania, ambako hali ya hewa ya El Niño iliyokausha Zambia ilileta mvua nyingi badala ya ukame. Miezi ya kukagua maghala, kupanga mabehewa, kuzungumza na wasagaji. Nani hapa Lubumbashi alipewa kazi ya kuangalia namba hizo na kumwambia Gavana: mwezi fulani tutapungukiwa na tani kadhaa? Kama yupo, kazi yake hatukuiona.

Siku hizi kila mkutano unataja akili mnemba. Nchi yetu ina Sheria ya Dijitali tangu Machi 2023, na katika hotuba tunaahidiwa mifumo itakayobadilisha kila kitu. Sipingi. Lakini nikiwa na unga wa mji mkononi, kompyuta ninaiomba kazi mbili tu. Ya kwanza ni kutabiri: kutazama mvua, bei za Zambia, thamani ya dola kwa faranga na malori yanayovuka, kisha kukadiria bei ya baada ya wiki sita au kumi. Ya pili ni kugawa: unga ukiwa mchache, upite njia gani, ushuke wapi, kwa gharama gani. Watu wanaisifu ile ya kwanza kwa sababu inafanana na uaguzi. Mimi naona ya pili ndiyo inayookoa pesa nyingi zaidi, tena bila miujiza yoyote.

Niruhusuni nifanye hesabu ndogo hapa hapa, kwa namba za mfano. Tuseme wiki fulani unga unaopatikana ni tani 1,000: tani 600 zimeingia kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na tani 400 zinakuja kwa treni kutoka upande wa Kaniama. Lubumbashi inahitaji tani 700 na mji wa Likasi tani 300. Kutoka Kasumbalesa, kufikisha tani moja Lubumbashi ni dola 10, kuifikisha Likasi ni dola 25. Kwa treni, tani moja hadi Likasi ni dola 30, hadi Lubumbashi dola 40.

Desturi yetu ni kuileta treni yote Lubumbashi, kwa kuwa serikali iko hapa na kamera ziko hapa. Tani 400 za treni zinakula dola 16,000. Malori yanatuletea tani 300 zilizopungua kwa dola 3,000, na tani 300 zao nyingine zinaendelea hadi Likasi kwa dola 7,500. Jumla dola 26,500.

Sasa tazameni reli inapopita. Treni ya Kaniama ikitoka Kamina inashuka kwa Bukama na Tenke, na inapita Likasi kabla ya kufika kwetu. Tukishusha tani 300 Likasi, ni dola 9,000. Tani 100 zinazobaki zije Lubumbashi kwa dola 4,000. Malori yote ya Kasumbalesa yaishie Lubumbashi, dola 6,000. Jumla dola 19,000. Unga ni ule ule, treni ile ile, madereva wale wale, na miji yote miwili imekula kipimo kile kile. Dola 7,500 zimebaki, kwa wiki moja. Katika ile njia ya kwanza unga wa treni ulipita Likasi bila kushuka, halafu unga wa malori ukapandishwa kutoka huku kwenda Likasi, mizigo miwili ya unga ikapishana njiani.

Kwa miji miwili na njia mbili, mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne anaimaliza kazi hiyo ubaoni. Wekeni ndani Kipushi, Kambove, Kasenga na Sakania. Wekeni soko la komini yetu ya Kenya, la Katuba, la Ruashi, Njanja na soko la Mzee Kabila. Wekeni kila kinu na uwezo wake kwa siku, saa ambazo umeme unakatika, barabara za udongo ambazo mvua ikinyesha hazipitiki, maghala yenye nafasi na yasiyo nayo. Hapo jicho la binadamu linapotea, hata liwe jicho la mfanyabiashara aliyezeeka katika kazi. Kompyuta haipotei.

Elimu hii ina historia, na historia yake inawahusu wakubwa. Mwaka 1939, kule Leningrad, mwanahesabu Leonid Kantorovich, ambaye hakuwa amefika miaka 30, alichapisha kijitabu kilichotokana na swali la watu wa viwanda vya mbao za plaiwudi: wana mashine nane na aina tano za malighafi, wagawe kazi vipi ili watoe mbao nyingi kabisa? Aliona kwamba swali hilo la mbao ni ndugu wa maswali mengi, ya mashamba, ya reli, ya mafuta, na akaonyesha njia moja ya kuyatatua yote. Wakati wa vita akaandika kitabu kikubwa zaidi cha uchumi. Kilichapishwa mwaka 1959. Kilikaa miaka yote hiyo kwa sababu namba zake ziligusa namna wakubwa walivyopanga bei. Mwaka 1975 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans, aliyekuwa amefanya hesabu ya aina hiyo kuhusu meli za mizigo wakati wa vita. Katikati yao, mwaka 1947, George Dantzig wa Marekani alitunga utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kompyuta zinautumia hadi leo. Programu za kuifanya kazi hiyo ziko bure, na zinaenea katika kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi.

Kuna jambo katika hesabu ya Kantorovich ambalo ningependa Mheshimiwa Gavana alione kwa macho yake. Ikishamaliza kugawa, inaonyesha pia kila kizuizi kinatugharimu kiasi gani. Katika mfano wangu, kila tani ya ziada inayovuka Kasumbalesa wiki hiyo inapunguza gharama kwa dola 30, kwa kuwa inachukua nafasi ya tani ya treni iliyokuja Lubumbashi kwa dola 40 na yenyewe inafika kwa 10. Mkijua hilo, mnaweza kuamua kama inafaa kulipa zamu ya usiku mpakani, au kununua behewa, au kutengeneza daraja, na mbunge akiuliza kwa nini daraja hili na siyo lile, jibu liko mezani.

Mji huu si mgeni wa hesabu ya unga. Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906, miaka minne kabla ya mji wenyewe, iliwagawia wafanyakazi wake posho ya unga, kwa kipimo, kwa sababu ilijua kwamba mtu mwenye njaa hachimbi shaba. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi yake, ikaurithi mtindo huo. Wazee wa makambi bado wanakumbuka siku ya posho na foleni yake. Hesabu ile ilifanywa kwa faida ya kampuni kwanza, sitaki kuipamba. Lakini kulikuwa na mtu mwenye daftari aliyejua wiki ijayo vinywa ni vingapi na mifuko ni mingapi. Posho ilipokoma, kila nyumba ikaenda sokoni peke yake, na lile daftari halikushikwa na mtu mwingine.

Leo daftari tulilo nalo ni la madini. Serikali inatangaza mercuriale, orodha ya bei rasmi za shaba, kobalti na madini mengine, na kwa bei hizo inakokotoa kodi. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini mtu anayetaka kujua kilo ya unga iliuzwa bei gani Ruashi wiki iliyopita hana pa kusoma. Banque Centrale na taasisi ya takwimu, INS, hukusanya bei ili kupima mfumuko. Namba inayotufikia sisi ni moja, kubwa, imechanganya unga na petroli na kodi ya nyumba, na inafika wakati mfuko umekwisha kuliwa.

Hapa kwenye bei nataka kukaa kidogo, kwa sababu kompyuta ikilishwa bei mbaya itatoa ushauri mbaya, hata iwe ya thamani gani.

Mama anayeuza unga soko la Kenya hauzi kwa mfuko. Anaufungua mfuko, anaumimina kwenye beseni, anapima kwa kopo, na wateja wake wengi wananunua makopo mawili au matatu, ya leo tu. Mfuko ukipanda bei kule depo, kopo halipandi siku hiyo hiyo, maana mteja amekuja na noti ile ile aliyokuja nayo jana. Kinachobadilika ni kopo lenyewe. Kitako chake kinageuzwa na kugongwa kwa nyundo, taratibu, mpaka kinaingia ndani. Ukilitazama kwa juu limejaa na kilele kimechongoka. Tia vidole ndani, unakuta chini kumepanda. Sitaki kumlaumu mama huyo. Ana deni depo, ana watoto, na jirani yake kwenye meza ya pili amekwisha kugonga la kwake.

Sasa anakuja mkusanyaji wa takwimu na karatasi yake. Anauliza: kopo ni bei gani? Anaambiwa bei ya wiki iliyopita. Anaandika kwamba bei haikubadilika, na kwa karatasi yake hajadanganya. Lakini kopo lililokuwa na gramu 500 sasa lina gramu 400. Wanafunzi wangu wengi wakiulizwa unga umepanda kwa kiasi gani wanajibu upesi: asilimia 20. Ni asilimia 25, kwa sababu pesa ile ile sasa inagawanywa kwa unga mdogo. Familia inayonunua mfuko mzima inaona bei ya mfuko na inaijua. Familia inayonunua kwa kopo imepandishiwa bei bila namba yoyote kuandikwa mahali popote, na hiyo ndiyo familia maskini zaidi. Kompyuta itakayofundishwa kwa karatasi ile itaamini kwamba Katuba ni salama, na itapeleka lori pengine.

Kwa hiyo anayekusanya bei abebe mizani ndogo. Anunue kopo moja, apime gramu, aandike bei ya kilo. Nimewaona vijana wa darasa langu wakiifanya kazi hiyo kwa umakini, na wauzaji wanawapokea vizuri wakishajua kwamba hawatumwi na kodi.

Mfano mwingine wa namna kompyuta inavyotii kile inacholishwa ni wa Marekani. Mwaka 1945 mchumi George Stigler aliuliza: kati ya vyakula 77, ni mchanganyiko gani wa bei ndogo kabisa unaompa mtu mzima viini-lishe tisa anavyohitaji kwa mwaka? Kwa kukisia kwa akili alipata dola 39.93, kwa bei za mwaka 1939. Mwaka 1947 makarani tisa wenye mashine za kujumlisha walitumia utaratibu wa Dantzig, kazi ya siku 120 za mtu mmoja, wakapata dola 39.69. Tofauti ni senti 24; Stigler alikuwa amekaribia sana. Kapu lake lilikuwa na unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, mchicha na maharagwe makavu, basi. Yeye mwenyewe hakumshauri mtu ale hivyo mwaka mzima. Hesabu haijui ladha wala desturi ya watu mpaka uiandikie. Ya Lubumbashi lazima iandikiwe sombe, lengalenga na kapenta, mboga na samaki wadogo wa hapa kwetu, na lazima iambiwe wazi kwamba nyumba ya Katuba haitaacha bukari kwa sababu viazi vimeshuka bei. Leo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, linatumia hesabu za namna hii kuchagua chakula cha kununua, mahali pa kukinunua na njia ya kukipitisha, na mwaka 2021 kazi hiyo ilililetea tuzo ya Franz Edelman, inayotolewa kwa matumizi bora ya hesabu za namna hii.

Nimesikia hoja moja nzito dhidi ya ombi langu, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema: serikali ikitangaza kwamba Februari unga utapungua, wenye madepo wataficha mifuko tangu Desemba, na utabiri wenyewe utaleta njaa. Ni kweli kwamba utabiri wa bei hauko kama utabiri wa mvua. Mvua haisikii redio, mfanyabiashara anasikia. Lakini jiulizeni nani anajua leo. Mwenye depo kubwa ana simu ya dereva aliyelala foleni ya Kasumbalesa, ana mtu wake Kitwe na mwingine Ndola, kule Zambia. Anajua kabla ya gazeti. Asiyejua ni mama wa beseni, ni mkuu wa shule anayelisha wanafunzi, ni mkulima wa Kasenga ambaye angepanda heka moja zaidi kama angepewa habari mapema. Siri haimzuii mlanguzi. Inamwachia soko peke yake. Namba zikitoka kwa wote siku moja saa moja, na pamoja nazo mpango wa serikali, yaani tani ngapi zimeagizwa na zitafika lini, mwenye kuficha anajua kwamba treni iko njiani na kwamba mifuko yake inaweza kumwozea. Kutangaza upungufu bila mpango, hiyo ndiyo hatari, na hapo nakubaliana na wanaoogopa.

Wako pia wanaotegemea kwamba mashine itafanya kazi ya kuwajua maskini kwa niaba yetu. Togo ilijaribu kwa uaminifu. Mwaka 2020, wakati wa Korona, serikali ya Lomé ilianzisha mpango wa Novissi wa kutuma pesa kwa simu, na katika kata 100 zilizo maskini zaidi ilitumia picha za satelaiti na kumbukumbu za matumizi ya simu kukadiria nani asaidiwe kwanza. Wataalamu waliochunguza kazi hiyo walikuta kwamba iliacha nje maskini wachache kuliko kama wangechagua kwa kata tu. Walikuta pia kwamba daftari kamili la kaya lingefanya vizuri zaidi. Asiye na simu hana kumbukumbu za simu. Nchi yetu ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Wanafunzi wangu wote wamezaliwa baada ya hapo, na wengi wa wazazi wao pia. Waheshimiwa, hakuna programu itakayojaza pengo hilo kwa kukisia, na anayewauzia programu kwa ahadi hiyo msimlipe.

Ninalisema hili kwa sababu naogopa mfumo mkubwa wa kununuliwa. Utakuja na kompyuta za bei kali, utafungiwa katika ofisi yenye kiyoyozi, nywila atakuwa nayo mtu mmoja, na mkataba ukiisha utazimika. Tunahitaji kitu kidogo kuliko hicho, na kigumu kuliko hicho: namba zinazotoka kila wiki bila kukosa. Ofisi moja niliyoiendea kuomba jumla ya tani za mahindi zilizovuka mpaka katika mwezi mmoja iliniambia niandike barua. Niliandika, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na jibu halikuja. Lakini namba ile ipo. Forodha yetu inatumia mfumo wa Sydonia, uliotengenezwa na UNCTAD, na kila tamko la bidhaa linaingizwa humo pamoja na uzito wake. Kuijumlisha ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliye ndani.

Basi naomba hivi. Mheshimiwa Gavana atie saini amri fupi ya kuitaka forodha itoe kila Jumatatu jumla ya tani za mahindi na za unga zilizoingia wiki iliyotangulia kwa Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, bila majina ya waagizaji, ili siri ya biashara ya mtu isiguswe. SNCC, shirika la reli, itoe tani zilizopakiwa Kaniama na zilizoshushwa, kwa kila stesheni. Unga unaopita kwa baiskeli na kwa njia za panya hautakuwamo, najua, na ni mwingi. Lakini bei za masoko, zikipimwa kwa gramu, zitaonyesha kivuli chake. Bei hizo Meya aziweke mikononi mwa shule za komini, kwa masoko matano ya kuanzia.

Bwana Rekta, kwako naomba watu. Chuo kina wanahesabu katika Kitivo cha Sayansi, kina wataalamu wa kilimo na wa uchumi, na kituo chake cha utafiti wa mji, Observatoire du Changement Urbain, kimekwisha kuchunguza bajeti za kaya za mji huu. Wanajuana kwa majina, sijui kama wamewahi kukaa meza moja kwa ajili ya unga. Vijana wanaomaliza masomo wanaandika kazi zao za mwisho juu ya viwanda vya Ulaya kwa sababu namba za Ulaya zinapatikana. Wapewe za Kasumbalesa. Programu yao iwekwe wazi ili mwanafunzi wa chuo kingine aweze kuikosoa, na kila mwezi, pembeni ya utabiri mpya, wabandike utabiri wa mwezi uliopita na bei halisi iliyotokea, ili sote tuone walikosea kwa kiasi gani. Kikundi kitakachokubali sharti hilo ndicho nitakachokiamini.

Na uamuzi ubaki kwenu. Kompyuta ikisema treni ishushe Likasi tani 300, Gavana anaweza kuwa na sababu ya kukataa: labda kuna ugonjwa, labda kuna vurugu, labda daraja limekatika asubuhi hiyo. Akatae, aandike sababu yake chini ya hesabu, na watu wasome vyote viwili.

Mvua zinaanza Novemba. Miezi migumu ni Januari hadi Machi, mahindi ya zamani yakiwa yamekwisha na mapya bado mabichi. Namba zikianza kutoka kabla ya mvua, hesabu ya kwanza inaweza kuwa mezani kwenu kabla ya Krismasi. Walimu wenzangu wa hesabu wa Katuba na Kenya wako tayari kuanza kupima makopo ya masoko yetu mawili kila Jumamosi, hata kabla jibu lenu halijafika. Karatasi zetu tutazileta ofisini kwa Meya, nakala moja kwa Rekta, nakala nyingine tutaibandika mlangoni pa soko.

Kwa heshima,

Mwalimu wa hesabu, komini ya Katuba, Lubumbashi